Esansi Inakula Damu: Maneno kwa Kadafi, Mafundi wa Garaji na Motari wa Kamina

(Haya ni maneno ambayo mwenzetu wa kamati ya afya alisema mbele ya wauza esansi na mafundi wa garaji hapa Kamina. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Tumepunguza tu pale ambapo watu walisema wote kwa pamoja.)

Asante kwa kuacha bidoni zenu na kuja hapa. Tunajua kila dakika ambayo kadafi hakai barabarani ni litri ambayo jirani yake anauza.

Niseme kwanza kitu ambacho hatukukuja kufanya. Hatukukuja kuwaambia muache kuuza esansi. Kuna wakubwa wanapenda kusema kadafi ni fujo, kadafi anachafua muji, kadafi wafukuzwe. Sisi hatuko na hao. Bila kadafi, moto haitoki Sobongo kufika stesheni, mugonjwa wa usiku hafiki hospitali, na mashine ya kusaga muhogo inanyamaza. Hata lile jina liko na heshima yake: Mukongomani wa kawaida alichukua jina la mukubwa wa Libya, inchi ya mafuta, akalipatia kijana anayekaa kando ya barabara na chupa tano. Sawa. Lakini Kadhafi mwenyewe sidhani kama alivutaka esansi na kinywa.

Tunakuja juu ya miili yenu. Tunataka kila mutu anayeshika esansi, diluanti ao kole ajue kile kinachofanyika ndani yake, sababu wanaochukua kodi kila siku hawamuelezi.

Esansi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu zaidi ya mia. Ndani muko benzeni, tolueni, zileni, heksani. Vingi kati ya hivyo munavikuta pia ndani ya diluanti ya rangi, ndani ya verni ya seremala, ndani ya kole ya fundi wa viatu. Vyote ni viyeyushi, na kazi yao ni kuyeyusha mafuta. Fundi wa garaji anajua kuliko mimi: grisi imekauka juu ya injini mwaka muzima, unamimina esansi kidogo, unapangusa, chuma kinang'aa.

Sasa muangalie mukono wako. Mwili wa mutu umejengwa na selile, vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuona. Kila chumba kiko na ukuta, na ukuta huo si wa tofali. Ni wa mafuta, utando wa tabaka mbili, mwembamba kuliko kitu chochote munachojua. Utando huo ndio mulango: unaamua nini iingie, nini itoke. Kiyeyushi hakipigi hodi. Kinapita ndani ya ule ukuta kama grisi ilivyopita ndani ya esansi. Na ubongo ndio unaumia wa kwanza, sababu ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya ubongo ni mafuta. Ile hali ya kichwa kuzunguka kisha kumimina bidoni ndani ya nyumba iliyofungwa, ile munaita kulewa esansi na munacheka, ni ubongo unalowa. Ukitoka inje, hewa safi inakurudisha. Lakini ukirudia kila siku, miaka, kuna vitu havirudi.

Tuanze na kinywa, sababu hapo ndipo mutu anaweza kufa leo, si kesho. Wote tunajua namna: mupira ndani ya tanki, unavuta, esansi inapanda, unatema, unashusha mupira ndani ya bidoni. Watu wanaogopa ile inayoenda ku tumbo. Mbaya zaidi ni tone linalopita njia ya pumzi. Mapafu yetu ni vifuko vidogo vidogo, mamia ya milioni, na kila kifuko kimepakwa ndani na mafuta membamba yanayokizuia kujifunga. Esansi ni nyepesi, inatambaa mbio kuliko maji. Ikifika pale inaharibu yale mafuta, vifuko vinajifunga, selile za ukuta zinakufa, maji na damu vinajaa mahali pa hewa. Mutu anakohoa, anapumua mbio, usiku homa inapanda. Ulaya waganga wanajua ugonjwa huu kwa watu wa maonyesho, wale wanaojaza petroli ku kinywa na kuitemea moto mbele ya watu. Wanauita pafu la mutema moto. Hapa kwetu hatuna maonyesho, lakini tuko na mupira.

Na mukamate hii vizuri, muifikishe ku nyumba. Mutu akimeza esansi ao petroli, musimutapishe. Musimupatie mafuta ya ngazi, musimupatie maziwa, musimuingize kidole ku koo. Najua bibi zetu walifanya hivyo, na walifanya kwa upendo. Lakini esansi ikirudi juu, ndipo inapata njia ya mapafu. Mumukalishe wima, mumuvue nguo zilizolowa, mumuoshe na maji na sabuni, mumupeleke hospitali hata kama anasema yuko bien. Mapafu yanaweza kungoja saa kadhaa mbele ya kuonyesha ubaya, ndiyo maana munganga anamuweka pale karibu saa sita hata kama hakohoi. Na mumuambie munganga ukweli: ni esansi ao ni petroli, na ilikuwa saa ngapi.

Tukiwa bado hapo: chupa. Nani hapa hajawahi kuweka esansi ao petroli ndani ya chupa ya Fanta? Mutoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua chupa. Amesikia kiu, anakunywa. Rangi inafanana, kifuniko ni kile kile. Chupa za barabarani ziwe za barabarani, zisiingie mahali ambapo mutoto analala na kula. Na mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, haupandi kwenye dirisha, unashuka chini, unatembea ku sakafu. Chini ndipo mbabula iko na moto. Chini ndipo mukeka wa watoto uko. Mutu anayeficha bidoni tano chini ya kitanda akiogopa wezi, anawalaza watoto ndani ya mvuke usiku muzima.

Sasa damu. Hapa nitakawia kidogo, sababu hapa ndipo ugonjwa unajificha.

Tukikula mufupa wa ngombe na bukari, kuna ile nyama laini ya ndani ambayo kila mutoto anagombania. Ule ni uboho. Wa kwako pia uko ndani ya mifupa yako, na ndiyo kiwanda cha damu. Kiwanda hiki hakilali. Kinatoa selile nyekundu karibu milioni mbili kila sekunde. Selile nyekundu inaishi siku 120 hivi, inachoka, inatupwa, ingine inachukua nafasi. Zile ndogo zinazofunga vidonda zinaishi siku nane mpaka kumi tu. Selile nyeupe nyingi zinazopigana na mikrobu hazifikishi hata siku moja ao mbili. Basi, kiwanda kikisimama, hatuna akiba ya kutosha.

Benzeni ikiingia kwa pumzi ao kwa ngozi, inafika ku ini. Ini ni fundi muzuri, kila sumu inayopita anajaribu kuigeuza iwe rahisi kutoka na mukojo. Lakini kwa benzeni, vile ini linafanya vinageuka kuwa vitu vikali kuliko benzeni yenyewe. Vinasafiri ndani ya damu mpaka ku uboho, na pale, ndani ya kiwanda, vinageuzwa tena mara ya pili, vinashika ADN ya zile selile mama zinazozaa damu yote. Zingine zinakufa. Hapo damu inapunguka, nyekundu, nyeupe na zile za kufunga vidonda, zote kwa mara moja. Zingine hazikufi, zinapotoka, zinazaa ovyo. Hiyo ndiyo kansa ya damu.

Mutu mumoja aliyelionyesha hili waziwazi ni munganga wa damu wa Istanbul, inchi ya Uturuki, jina lake Muzaffer Aksoy. Muji wake ulikuwa umejaa mafundi wa viatu waliofanya kazi ndani ya vyumba vidogo, madirisha yamefungwa, kole ya benzeni iko wazi juu ya meza. Kole hiyo ilikuwa bei nzuri, inakauka mbio, kila mutu aliipenda. Kisha miaka kidogo, mafundi wakaanza kumufikia hospitali bila damu. Mwaka wa 1974 Aksoy na wenzake waliandika juu ya mafundi 26 wa viatu waliopatwa na kansa ya damu ao na hali inayoitangulia. Si kiwanda kikubwa kilichowaua. Ni vyumba kama garaji zetu, kama kibanda cha fundi wa viatu ku soko.

Mutasema, hiyo ni kole, si esansi. Mwaka wa 2025 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, lile la Lyon, liliweka esansi ya gari ndani ya kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana wazi kuwa vinaleta kansa kwa mutu. Benzeni ilikuwa ndani ya kundi hilo tangu zamani. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha benzeni ya kuvuta ambacho linaweza kuita salama.

Yaya mumoja pale nyuma ameniambia mbele ya mukutano: "Zamani ndiyo esansi ilikuwa mubaya, ilikuwa na plombi. Sasa banatosha." Yuko na haki nusu. Plombi ya esansi iliondolewa inchi zetu za Afrika karibu mwaka wa 2006, na ilikuwa ushindi mukubwa kwa ubongo wa watoto. Lakini benzeni imebaki. Ulaya wameweka sheria tangu mwaka wa 2000 kwamba benzeni isipite asilimia moja ya esansi. Ile yetu inayotoka kusini na kupita mikono mingi mbele ya kufika Kamina, nani anaipima? Hiyo ni swali tutaandika ndani ya barua.

Mwingine amesema: "Mi niko mu hii kazi miaka kumi na tano, sijagonjwaka." Baba, tunafurahi. Lakini tukuulize: ufizi unatoka damu ukipiga meno musuwaki? Pua inatoka damu bila sababu? Unaona madoa meusi ku mapaja na hukumbuki kujigonga? Unachoka kupanda ngazi mbili? Homa inarudi kila mwezi? Hapo ndipo tunadanganyika. Sisi watu wa Haut-Lomami tunajua ugonjwa mumoja wa kwanza: malaria. Mutu amechoka, uso umepauka, homa, tunamupeleka, wanapima GE, inatoka plusi moja, sababu hapa nani hana plusi moja? Anapewa dawa, anarudi ku bidoni. Mwezi kesho, vile vile. Damu ikipunguka sana wanamutia damu, anapata nguvu juma mbili, anarudi ku bidoni. GE haiwezi kuonyesha benzeni. Kinachoonyesha ni kipimo cha NFS, kile kinachohesabu selile nyekundu, nyeupe na zile za kufunga vidonda. Ukiwa unafanya kazi na esansi, mwambie munganga kazi yako. Usiseme tu "niko biashara." Sema: "Nauza esansi, navuta na kinywa, miaka sita." Maneno hayo yanaweza kumufanya aandike NFS pa nafasi ya GE ya tano.

Nakuja ku mafundi. Munaosha mikono na esansi mangaribi, halafu munakula. Ngozi yenu imekauka, imepasuka, imekuwa nyeupe kati ya vidole. Ni yale mafuta ya ngozi yameyeyuka, na ngozi iliyopasuka inapitisha sumu zaidi. Jaribuni hivi: mafuta kidogo ya kupikia, hata ya ngazi, musugue nayo mikono ingali mikavu, bila maji. Mafuta yanavuta grisi. Kisha sabuni ya kipande na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Kisha maji. Kazi ni ile ile, na mukono unabaki mukono.

Na heksani, ile iliyo ndani ya kole na ndani ya esansi, inashika mishipa ya fahamu. Mwaka wa 2009 kule Suzhou, inchi ya China, kiwanda cha Wintek kilichotengeneza vioo vya telefone kiliwapa wafanyakazi heksani ya kupangusa vioo, pa nafasi ya alkoli, sababu inakauka haraka. Wafanyakazi 137 waliugua. Vidole vinakufa ganzi, miguu haijui tena iko wapi, mutu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Inaanza ku miguu na mikono sababu mishipa ya huko ndiyo mirefu kuliko yote. Na ubaya wake: mutu akiacha, ugonjwa unaweza kuendelea kupanda miezi kidogo mbele ya kuanza kushuka. Telefone hizo zilifika mikononi mwa watu wa dunia nzima. Mwaka wa 2009 bila shaka na sisi tulitamani moja.

Sasa kuna jambo ambalo halihusu kazi, na naomba wazazi wasikilize. Watoto wa barabarani, wale tunawaita shege, wanavuta kole na diluanti ndani ya chupa ya plastiki ao ndani ya kitambaa. Wanavuta sababu inaondoa njaa na baridi, tusijidanganye kwamba ni wabaya. Tolueni ya ndani inaharibu sehemu nyeupe ya ubongo, ile ya nyuzi za mawasiliano. Mutoto anaanza kutetemeka, kutembea kama mulevi hata siku ambayo hakuvuta, kusahau. Musichana akiwa na mimba, tolueni inamufikia mutoto wa ndani. Na kuna hatari ingine ambayo watu wachache wanaijua: kiyeyushi kinafanya moyo uwe mwepesi kushtuka. Mutoto amevuta, unamupigia kelele, unamukimbiza na fimbo, moyo wake unapata woga na sumu kwa pamoja, unaweza kusimama pale pale, hata kama ilikuwa mara yake ya kwanza. Basi ukimukuta anavuta, usimukimbize. Ongea naye pole pole, mukalishe mahali pa hewa, ondoa ile chupa kisha. Hata polisi waambiwe hivyo. Na ninyi munaouza diluanti na kole: mutoto wa miaka kumi anayekuja peke yake na mia tano mukononi hajengi nyumba, hatengenezi viatu.

Katiba yetu ya mwaka wa 2006, artikulo ya 47, inasema haki ya afya inalindwa. Artikulo ya 53 inasema kila mutu ana haki ya kuishi mahali pasipoharibu afya yake. Kuko Kodi ya Kazi ya 2002, kuko sheria ya 2016 ya CNSS inayohesabu magonjwa ya kazi. Lakini hizo mbili zinamuangalia kwanza mutu mwenye patro na kontra. Kadafi hana patro. Fundi wa garaji ya chini ya muembe hana kontra. Kwa kodi anaonekana vizuri sana, risiti inamufikia hata siku ya mvua. Kwa ugonjwa, haonekani. Hatukubali. Kama muji unaweza kumuhesabu mutu kila asubui ili alipe, unaweza kumuhesabu mara moja kwa mwaka ili apimwe damu.

Kwa hiyo barua yetu inaomba vitu vine, na tutaipeleka ku meri, ku divizioni ya afya ya provinsi na ku inspeksioni ya kazi. Kwanza, kipimo cha NFS mara moja kwa mwaka, kwa bei ambayo kadafi anaweza, ikilipwa na sehemu ya zile kodi anazotoa. Pili, pompe za mukono, moja kwa kila kituo cha kadafi ndani ya komini zote tatu, Kamina, Dimayi na Sobongo, ili kinywa kitoke kabisa ndani ya kazi hii. Tatu, mahali pa kuuzia penye hewa na mbali na mbabula, bila kuwafukuza watu ku barabara kubwa ambako wateja wako. Ine, esansi ipimwe benzeni, na matokeo yasomwe ku redio.

Lakini pompe ya serkali inaweza kukawia kuliko treni ya Ilebo, kwa hiyo tusingoje. Fundi wetu mumoja ameleta pipa hapa, mumeliona pale mulangoni: limeinuliwa juu ya meza ya mbao, limewekwa robine chini. Unafungua, inashuka yenyewe ndani ya bidoni, hakuna kuvuta. Kwa wenye bidoni ndogo, kuko mipira iliyo na kibofu cha kubonyeza katikati, inauzwa na wanaouza vyombo vya boti. Watu watano wakichanga, wananunua moja. Kikundi cha kadafi wa pa stesheni kimekubali kuanza, na fundi atabaki hapa kisha mukutano kuonyesha namna ya kuweka robine isivuje. Anaomba mutu asivute tumbaku karibu.

Barua iko juu ya meza. Kalamu ziko mbili, mupange mustari. Asiyejua kuandika ataweka kidole, wino uko. Muandike kazi yenu na miaka mumefanya, si jina peke yake, sababu tunataka wale wa ofisi waone hesabu ya miaka yote tukiijumlisha.